Mnadai marejesho, mrejesho mtatoa lini? Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI,

Nakala: wakurugenzi wa halmashauri, maafisa elimu na maafisa maendeleo ya jamii.

Kwa umri wangu, tungekutana njiani huenda shikamoo ingetoka kwako. Kwa cheo chako, naanza mimi. Basi tuseme tumeshasalimiana.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za serikali miaka 31, zaidi hisabati, na sasa nauza maandazi, sambusa na vitumbua kwenye kibanda karibu na stendi. Kote huko sijatoka kwenye himaya yako ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nikiwa na chaki, mwajiri wangu alikuwa mkurugenzi wa halmashauri. Nilipostaafu, mkopo wa kikundi chetu ulitoka ofisi hiyo hiyo, ghorofa ya chini badala ya ya juu. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si Waziri wa Elimu wala wa Viwanda. Ninalotaka kusema limenikuta upande wa shule na upande wa biashara, na pande zote mbili mlango ni wako.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofanana kama mapacha: marejesho na mrejesho. Marejesho kila mwenye mkopo anayajua, maana yana tarehe na yana mtu wa kuyafuata. Mrejesho ni pale mtu anapoitazama kazi yako, yako wewe peke yako, akakuonyesha ulipopotea na kwa nini. Huu hauna tarehe, na sijawahi kuona mtu akitumwa kuupeleka.

Nianze na mtoto mmoja.

Mwaka 2019 watoto walioingia Darasa la Kwanza ada na michango ilipofutwa mwaka 2016 walifika Darasa la Nne. Darasa langu lilikuwa na watoto 94. Mwongozo unasema 45, lakini mwongozo haukai kwenye dawati. Kulikuwa na mvulana mmoja, mpole, daftari lake limefunikwa kwa gazeti, hakosi shule. Nilimpa maswali kumi ya kutoa, akapata moja. Nikaandika 1/10, chini yake kwa kalamu nyekundu: "Ongeza bidii." Wiki iliyofuata, 1/10. Ongeza bidii. Ya tatu vilevile.

Siku moja wakati wa mapumziko alikuja kuchukua daftari lake mezani, nami nilikuwa nimekaa nakunywa uji. Nikamwambia, hebu nifanyie hili hapa, unieleze kwa sauti. 402 toa 157. Akasema: "Mbili toa saba haiwezekani, kwa hiyo saba toa mbili, tano. Sifuri toa tano haiwezekani, kwa hiyo tano toa sifuri, tano. Nne toa moja, tatu." Akaandika 355, akanitazama.

Mheshimiwa, mtoto alikuwa na kanuni. Ilikuwa mbovu, lakini aliifuata kwa uaminifu kuliko watu wazima wengi tunavyofuata kanuni nzuri. Nikarudi nyuma kwenye daftari lake kurasa tatu: makosa yote yalikuwa kosa moja. Lile swali alilokuwa akipata kila wiki ni lile lisilohitaji kuazima. Bidii alikuwa nayo tele, na kila nilipomwandikia aongeze, aliongeza, akawa anakosea haraka zaidi. Nikachukua vijiti, nikafunga mafungu ya kumi kumi, nikamwekea 42 mezani, nikamwambia anipe 17. Alipofika kwenye saba akasimama. Kisha mwenyewe akafungua fungu moja. Sikusema kitu. Yote hayo hayakufika dakika nne. Kesho yake alipata nane.

Kwa hiyo majuma matatu nilikuwa nimesahihisha daftari la yule mtoto bila kulisoma. Nilikuwa naweka vema na kosa tu. Kusahihisha namna ile hata mashine inaweza.

Sasa utaniambia, na ni kweli, watoto ni wengi. Nilipiga hesabu jioni ile. Dakika nne mara watoto 94 ni dakika 376, saa sita na robo. Kipindi ni dakika 40. Ukikigawa sawasawa kila mtoto anapata sekunde 25, na hapo hujaandika tarehe ubaoni. Nikaamua jambo dogo: kila siku daftari kumi nitazisoma, nyingine nitaziwekea vema na kosa kama kawaida. Kumi za kusoma maana yake natafuta kosa linalojirudia, na mwenye daftari namwita, hata kama ni kwa kusimama naye mlangoni. Katika majuma mawili ya shule darasa zima lilikuwa limepita. Si dawa ya uhaba wa walimu, na mtu yeyote asije akaninukuu kwamba darasa la watoto 94 halina neno. Ajirini walimu. Lakini hata mkiajiri kesho, mwalimu mwenye watoto 45 atakayeandika "Ongeza bidii" kwenye daftari 45 atakuwa amepumzika tu kuliko mimi.

Neno hilo "Ongeza bidii" ningependa lifutwe kwa waraka. Limejaa kwenye ripoti za watoto wetu nchi nzima, pamoja na wadogo zake "Jitahidi" na "Unaweza zaidi". Mzazi akilisoma anajua kitu kimoja tu, kwamba mwanawe ni mvivu, na wakati mwingine fimbo inafuata. Juu yake kuna nafasi: wa 61 kati ya 94. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, jambo ambalo wengi wetu tulilipigia makofi. Kwenye ripoti za shule nafasi bado ipo, na ndiyo kitu cha kwanza mtoto anachotafuta kwa kidole.

Nilipokuwa nasoma shahada kwa masafa nilikutana na jaribio la mtafiti aitwaye Ruth Butler, la huko Israel, lililochapishwa mwaka 1988. Wanafunzi walifanya kazi zilezile. Baadhi walirudishiwa alama tupu, wengine maelezo tupu juu ya walichofanya, wengine alama pamoja na maelezo. Waliopanda ni wale wa maelezo tupu. Mimi nilidhani wa tatu ndio wangeshinda, maana wamepata vyote. Wapi! Walibaki palepale na wale wa alama tupu. Alama ikikaa juu ya ukurasa, jicho linaishia hapo. Niliposoma nilicheka peke yangu, nikakumbuka watoto wangu wanavyofunua daftari, wanatazama namba, wanafunga.

Baraza lenyewe, kwa haki, lina kazi nzuri ambayo watu hawaijui. Baada ya mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali: watahiniwa walikosea nini, inaelekea kwa sababu gani, hadi picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa watoto, lililo zuri na lililo baya. Ni hazina. Nimewahi kuona jibu la mtoto humo nikatamani kujua yuko mkoa gani nimfuate. Lakini taarifa zinatoka watoto wale wameshahama, na zinakaa kwenye tovuti ambayo shule isiyo na umeme haiifungui. Miaka yangu yote ya mwisho kazini sikumwona afisa aliyeshika hata moja mkononi akiingia nayo kwenye kikao cha walimu. Vikao vilikuwepo. Tulizungumzia ufaulu wa kata na asilimia.

Walimu nao wanatendewa walivyowatendea watoto. Mara ya mwisho kukaguliwa darasani, mgeni alikaa nyuma dakika kama kumi na tano, akaandika kwenye kitabu: "Mwalimu aboreshe matumizi ya zana." Zana ipi? Katika hatua gani ya somo? Nilikuwa na vijiti mezani siku hiyo! Sikuuliza, naye hakusubiri. Ilikuwa ni "Ongeza bidii" ya watu wazima. Tulijaza OPRAS, fomu za kupima utendaji wa mtumishi, miaka mingi, tukijipangia malengo ambayo mkuu wa shule alisaini bila kuyasoma, tukimshukuru kwa kutotusumbua. Vijana walioko kazini sasa wanajaza PEPMIS, mfumo wa kidijitali uliokuja badala yake, kwenye simu, na ninaowajua mimi wananiambia swali wanaloulizana ni kama umeshajaza. Kwamba nani aliingia darasani kwako, akaona nini, hilo halina pa kubonyeza.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ninaitolea macho kwa matumaini zaidi. Walimu wa shule moja kukaa pamoja na kuzungumza kazi zao ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Ila nayo ikigeuzwa kuwa orodha ya mahudhurio na picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp la kata, tutakuwa tumeongeza kikao kingine. Jambo la kuweka katikati ya meza ni daftari za watoto watatu. Zisomwe, zibishaniwe, watu waende nyumbani.

Nitoke shuleni sasa.

Mwaka 2022 kikundi chetu cha akina mama watano kilipata mkopo wa asilimia 10, ule ambao sheria inaitaka kila halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Shilingi milioni 5, bila riba, miezi 12. Nasema bila kinyongo kwamba ni jambo jema, na walioupinga mkopo huu hawajawahi kukopa kwa wale wa riba za mtaani.

Kabla ya fedha tulipewa semina siku tatu ukumbini. Mwezeshaji alikuwa kijana mzungumzaji, suti yake imekaa, na alitueleza mtaji, masoko, mpango wa biashara, kutofautisha mfuko wa biashara na wa nyumbani. Tukaimba, tukala wali, tukapewa vyeti. Muuza samaki, mshonaji, mfuga kuku na mimi wa maandazi tulipewa maneno yaleyale. Moja nililolishika ni "boresha mwonekano wa biashara yako". Nikachukua 280,000 kwenye fungu langu la milioni moja, nikanunua kabati la vioo.

Miezi mitatu nikawa nauza vizuri na sioni fedha. Rejesho langu lilikuwa shilingi 83,000 na ushee kwa mwezi, na mwezi wa tatu nililitoa kwenye pensheni. Mimi, mwalimu wa hesabu!

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa sokoni, muuza dagaa na nafaka, hajawahi kukanyaga semina, kila mtu anamwita Shangazi. Nilimlalamikia tu, kama watu wanavyolalamika. Kesho yake akaja saa kumi na mbili asubuhi, akavuta kigoda, akakaa. Hakusema kitu hadi saa mbili na nusu. Alinunua vitumbua viwili akala. Kisha akasema: "Mwalimu, vitumbua vyako havina tatizo. Tatizo lako liko chini ya meza."

Chini ya meza kulikuwa na vichupa vya maji, vile vya nusu lita, vya mafuta ya kula. Kila mafuta yalipopungua karaini nilimtuma kijana duka la jirani akaniletee robo lita, shilingi 1,500. Kwa siku vilikuwa vinane. Sikuvihesabu kwa sababu kila kimoja kilikuwa kidogo. Shangazi alikuwa amevihesabu. Akaniuliza dumu la lita 20 sokoni ni bei gani, nikawa sijui, akaniambia, 84,000. Nikapiga hesabu pale pale nyuma ya karatasi ya kufungia sambusa: mimi nalipa 6,000 kwa lita, dumu ni 4,200. Lita mbili kwa siku, tofauti 3,600. Siku 26 za kazi, 93,600.

Rejesho lote lilikuwa kwenye vichupa, Mheshimiwa, na chenji ya elfu kumi juu.

Nikamwambia sina 84,000 za kutoa mara moja. Akaligeukia kabati langu la vioo, akalitazama, hakulisema. Akasema nichangie dumu na jirani yangu wa chapati. Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo tunavyofanya hadi leo. Nyani haoni kundule. Mimi nililiona la yule mtoto wa 402, la kwangu likahitaji macho ya Shangazi.

Nisingeleta habari ya kibanda kimoja mbele ya Waziri kama ingekuwa bahati yangu tu. Watafiti wa uchumi walifanya jaribio Dandora, Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walichukua wanawake wenye biashara changa. Baadhi wakawekwa darasani kufundishwa biashara. Wengine wakaunganishwa kila mmoja na mfanyabiashara mzoefu wa mtaa uleule, wakutane na kuzungumza biashara yake. Wa darasani walibadilisha baadhi ya mazoea yao, faida haikupanda. Waliopata mlezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sehemu kubwa ya siri ilikuwa kwamba walielekezwa kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu. Vichupa vyangu kabisa! Watafiti wakaona pia kwamba jozi zilipoacha kukutana, faida ile nayo ikapungua. Kwa hiyo jambo hili halimalizwi kwa siku moja na picha ya pamoja.

Na kwetu? Mgeni wa kwanza kutoka halmashauri kufika kibandani kwangu alikuja mwezi wa sita wa mkopo, ameshika orodha ya wadaiwa wa kata. Mimi sikuwemo. Mshonaji wetu alikuwemo. Afisa alikuwa binti mstaarabu, amechoka, amekuja kwa nauli yake, kata tatu peke yake. Alimwuliza mshonaji atalipa lini. Hakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini vitambaa vyake vinaisha kabla ya sare za shule hazijaisha, jambo ambalo Shangazi angeling'amua kwa kumtazama anavyokata. Mshonaji aliuza cherehani. Deni tulilibeba sisi wanne.

Mwezi Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima, na sababu kubwa ilikuwa usimamizi: ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilikuwa zimetaja mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Iliporudi mwaka 2024 ilikuja na utaratibu mpya, kamati za uhakiki, na halmashauri 10 za kujaribu kupitia benki. Sawa, vikundi hewa vidhibitiwe. Lakini kikundi chetu hakikuwa hewa, wala mshonaji hakuwa mwizi. Utaratibu mpya umenoa macho ya kumtazama mkopaji kabla hajapewa fedha na baada ya kushindwa kulipa. Miezi ile ya katikati, anapokosea kidogo kidogo kwa robo lita, bado hakuna mtu kigodani.

Ninachoomba ni kwamba kila kikundi kinapopewa hundi kipewe na mtu: mfanyabiashara wa soko lilelile, anayeheshimika, alipwe posho kidogo, amtembelee kila mwanakikundi mara moja kwa wiki kwa miezi miwili ya mwanzo, akae saa mbili kwenye kazi yenyewe. Fedha zinatoka wapi? Punguzeni siku za semina ukumbini kutoka tatu hadi moja. Wali wetu wa siku mbili unatosha kumlipa Shangazi. Na maafisa maendeleo ya jamii wapewe nauli ya kufika rejesho la kwanza halijachelewa.

Kwa shule, ripoti ya mtoto iwe na sentensi moja ya kweli kwa kila somo, inayosema anafanya nini na nini kinamkwama, na nafasi darasani iondolewe. Afisa elimu kata anayeingia shuleni aombe daftari kabla ya kuomba takwimu. Taarifa za uchambuzi za Baraza zichapwe, nakala moja kila shule, hata kama ni kwa karatasi mbaya.

Kuna jambo la kuwatahadharisha, maana najua waraka ukitoka utatekelezwaje. Si kila mrejesho unajenga. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi, waliokusanya tafiti nyingi za jambo hili, waligundua kwamba zaidi ya theluthi ya mirejesho ilishusha utendaji badala ya kuupandisha, hasa pale ulipomgeukia mtu mwenyewe ukaacha kazi yake. Mwalimu anayeambiwa mbele ya wanafunzi kwamba hajui kufundisha hatajifunza kufundisha siku hiyo. Shangazi alikuwa na kila sababu ya kunicheka kwa lile kabati. Alizungumza mafuta. Mkitafuta walezi, wapimeni kwa hilo kabla ya kuwapima kwa ukubwa wa duka, na msinitafutie wastaafu wenzangu wa ualimu kwa wingi. Tunapenda kusema kabla ya kutazama, nami nimo.

Kibanda nafungua saa kumi na mbili asubuhi. Afisa wako yeyote akitaka kuona daftari langu la mauzo, lipo, nalitunza juu ya dumu, na ukurasa wa Machi una hesabu ya unga ambayo mpaka sasa hainikai sawa. Kigoda kipo. Aje mapema, kabla abiria wa basi la kwanza hawajajaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, muuza maandazi